Upasuaji wa mkono na bega haupimwi kwa eksirei peke yake

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya ulichapisha hivi karibuni makala ya kusifu upasuaji wa mifupa ya mkono na bega, na pembeni mkaweka picha mbili za eksirei: ya kwanza mfupa umevunjika, ya pili umenyooka na kukazwa kwa pleti na skrubu. Hatuna ugomvi na picha. Ugomvi wetu ni kwamba msomaji aliachwa aamini kuwa kazi imeishia hapo. Kwa mguu imani hiyo ina ukweli wake, maana mguu kwanza kabisa unabeba mwili. Mkono kazi yake ni kufika, kukunja, kushika na kuachia. Mfupa wa kidole unaweza kuunga vizuri sana huku kidole kimekakamaa na hakifiki tena kiganjani. Mfupa wa bega unaweza kuunga ukiwa umepinda kidogo, na mwenyewe akaendelea kujichana nywele za kisogoni bila taabu. Sisi ni madaktari wa upasuaji wa mifupa na wataalamu wa fiziotherapia. Maswali ambayo wagonjwa huja nayo mwishoni, wakati mkono umeshakakamaa, yangefaa yaulizwe siku ya kwanza.

Tuanze na vidole, ambako kosa dogo huwa kubwa. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo huvunjika shingoni, mara nyingi baada ya ngumi, na kichwa chake huinamia upande wa kiganja. Eksirei inaonyesha umepinda nyuzi 40, ndugu wanashtuka na kudai vyuma. Kidole hicho kinaweza kuivumilia pembe hiyo, kwa sababu kiungo kilicho chini ya mfupa huo, karibu na kifundo cha mkono, kinacheza nyuzi 20 hadi 30 na kufidia. Pembe hiyohiyo kwenye mfupa wa kidole cha shahada haikubaliki: kiungo chake cha chini karibu hakichezi kabisa, na nyuzi 15 tu tayari ni mpaka. Mwenye kidole kidogo kilichopinda atakosa kile kifundo kinachojitokeza anapokunja ngumi. Nguvu ya kushika, kwa wengi, hurudi.

Kisichovumilika ni mfupa kujizungusha. Kipande cha mbele kikizunguka nyuzi 5 tu, ncha ya kidole inaweza kuhama sentimita 1.5 wakati wa kukunja ngumi na kumpanda jirani yake. Eksirei haionyeshi hili vizuri. Kipimo chake ni macho: mgonjwa akunje vidole vyote pamoja, taratibu, kadiri awezavyo. Vidole vinne vizima huelekea sehemu moja, kwenye kitako cha kidole gumba karibu na kifundo cha mkono. Kisha zitazamwe kucha kwa mbele na kulinganishwa na za mkono wa pili. Maumivu yakizuia, ichomwe ganzi kwanza ndipo ipimwe. Kidole kisipimwe kikiwa kimenyooka, kwa kuwa kilichozunguka huonekana kizima kabisa katika hali hiyo, na hapo ndipo wengi hurudishwa nyumbani wakiwa na bandeji na tatizo lao. Kipimo hakifiki dakika moja, hakihitaji mashine, na kinaamua nani apasuliwe kuliko pembe zote za kwenye filamu.

Mkono ukifungwa plasta au gango, namna ya kuufunga ni tiba nusu nzima. Kifundo cha mkono kirudishwe nyuma nyuzi 20 hadi 30, viungo vya mwanzo wa vidole vikunjwe nyuzi 70 hadi 90, na viungo vinavyofuata vinyooke. Asiyejua akiuona mkono umefungwa hivyo hudhani aliyeufunga amekosea. Sababu iko kwenye ligamenti za pembeni, kamba zinazoshikanisha mfupa na mfupa: katika viungo vya mwanzo huwa zimevutika kidole kikiwa kimekunjwa na zimelegea kikinyooshwa. Zikikaa zimelegea wiki kadhaa hufupika, na kiungo hakikunji tena. Viungo vya katikati ni kinyume chake. Vikifungwa vimekunjwa, utando ulio upande wa kiganja hujikunyata na kidole hakinyooki. Kwa hiyo mkono uliofungwa wima na kubapa juu ya kipande cha ubao, vidole vyote vimenyooka, umefungwa vibaya hata kama bandeji ni safi.

Muda nao una ukomo. Pingili, yaani mifupa ya vidole, na mifupa ya kiganja hushikana kiasi cha kuruhusu kujongea baada ya wiki 3 hadi 4. Ule mstari wa mvunjiko lakini huendelea kuonekana kwenye eksirei kwa miezi kadhaa, na hapa wagonjwa huumizwa na tahadhari: daktari anaona mstari, anaongeza wiki 3 za plasta, kisha nyingine 3. Kinachotakiwa ni kubonyeza penye mvunjiko. Pasipouma, na vipande vikienda pamoja, kidole kianze kazi, pengine kikiwa kimefungwa pamoja na jirani yake.

Upasuaji unapohitajika kwenye kidole, chombo rahisi kuliko vyote ni waya alioanzisha Mjerumani Martin Kirschner mwaka 1909. Kwa mifupa ya mkono hutumika wenye unene wa milimita 1.0 hadi 1.6, ukipitishwa kwenye ngozi kwa drili bila kuchana, huku mashine ya eksirei ikionyesha njia. Nyaya ziwe mbili, kwa sababu waya mmoja unaacha mfupa uzunguke. Drili iende polepole na ipoozwe kwa maji ya chumvi. Joto likizidi, mfupa unaozunguka waya hufa, waya hulegea, usaha hufuata. Kila jaribio lililokosewa ni tundu jingine lisiloshika kitu, hivyo mwelekeo upimwe juu ya ngozi kabla ya kutoboa. Waya hautoi mkazo, unashikilia tu, kwa hiyo gango huendelea kuvaliwa, na waya hutolewa baada ya wiki 3 hadi 4.

Pleti ndogo na skrubu za milimita 1.5 hadi 2.0 hushika imara zaidi, na mgonjwa huanza mazoezi ndani ya siku chache. Gharama yake iko mahali pasipoonekana kwenye filamu. Nyuma ya pingili, kano ya kunyoosha kidole inateleza moja kwa moja juu ya mfupa, hakuna nyama katikati. Ukichana hapo na kuweka pleti, kano na kovu hugandana. Ndiyo maana pleti ya pingili isiyofuatwa na mazoezi ya mapema inaweza kumwacha mtu na kidole kigumu kuliko angetibiwa kwa waya, au asingepasuliwa kabisa. Kwenye mifupa ya kiganja nafasi ni kubwa kidogo na matokeo ya pleti ni mazuri zaidi.

Jambo moja ambalo makala yenu haikuligusa ni ganzi. Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kuwa adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, haichomwi kwenye kidole, kitakufa. Kazi iliyoenezwa hasa na Donald Lalonde wa Kanada imeonyesha kuwa lidokaini ya asilimia 1 iliyochanganywa na adrenalini kwa kiwango cha 1 kwa 100,000 ni salama kwenye kidole chenye mzunguko mzuri wa damu, na fentolamini ipo kama dawa ya kuitengua ikihitajika. Kiwango kisizidi miligramu 7 za lidokaini kwa kila kilo ya uzito, na ni lazima kusubiri kama nusu saa ili damu ipungue. Anayechana baada ya dakika 5 asilaumu dawa. Hivyo hauhitajiki mkanda wa kubana mkono ili kuzuia damu, ambao mgonjwa aliye macho hauvumilii kwa muda mrefu. Faida kubwa kwetu ni nyingine: mgonjwa yuko macho, anaambiwa akunje ngumi mezani, na kidole kilichozunguka kinaonekana hapohapo, kabla ngozi haijafungwa. Kwa mgonjwa wa nusu kaputi daktari anabaki kukunja kifundo cha mkono ili vidole vijikunje vyenyewe, na kukisia.

Kuna kidonda kimoja kidogo kinachopuuzwa kila mahali: mchaniko wa milimita 5 juu ya kifundo cha kidole cha aliyempiga mwenzake mdomoni. Wakati wa ngumi, jino hupenya ngozi, kano na kapsuli (mfuko unaozunguka kiungo) kwa mstari mmoja. Vidole vikinyooshwa, kano hurudi nyuma na kulifunika tundu, na bakteria wa mdomoni wanabaki ndani ya kiungo. Mgonjwa huja siku ya pili au ya tatu, mkono umevimba, mara nyingi hataki kusema ulitokea vipi. Kidonda hicho hakishonwi. Hupigwa eksirei kutafuta kipande cha jino, hufunguliwa chumba cha upasuaji vidole vikiwa vimekunjwa kama vilivyokuwa wakati wa ngumi, kiungo huoshwa, kidonda huachwa wazi, na antibiotiki huchaguliwa inayoua bakteria wa mdomo, kama amoksisilini iliyounganishwa na asidi ya klavulani. Kuchelewa siku chache kunaweza kuharibu kabisa gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo.

Skafoidi ni mfupa mdogo ulio kwenye shimo linalotokea chini ya kidole gumba ukikinyanyua. Huvunjika mtu anapoanguka na kujizuia kwa kiganja kilichonyooshwa. Uvimbe huwa kidogo, vidole vinacheza, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa. Mgonjwa anaambiwa ameshtuka tu. Kanuni haijabadilika: shimo hilo likiuma unapolibonyeza, mkono ufungwe na eksirei irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, au ipigwe picha ya kina ya MRI au CT mapema zaidi. Sababu ya ukali huu ni damu. Sehemu kubwa ya damu ya skafoidi huingia upande wa mbele, ulio karibu na vidole, ikarudi nyuma. Mfupa ukikatika kiunoni, kipande cha nyuma hubaki kinategemea kilichopita penye mvunjiko. Ukikatika karibu zaidi na mkono wa chini, kipande hicho kinaweza kufa.

Je, upasuliwe? Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye watu wazima 439 waliovunjika kiunoni mwa skafoidi vipande vikiwa vimeachana kwa milimita 2 au chini, haukuona tofauti ya maana ya maumivu na matumizi ya mkono baada ya mwaka mmoja kati ya waliowekewa skrubu mapema na waliowekwa plasta. Lakini sharti la pili la utafiti huo husahaulika: mfupa ulioonekana hauungi ulipasuliwa bila kuchelewa. Plasta bila ufuatiliaji haimo katika matokeo hayo. Kwa vipande vilivyoachana zaidi, au mvunjiko wa kipande cha nyuma, sisi hupendelea skrubu tangu mwanzo.

Skrubu yenyewe haina kichwa. Ilielezwa na Timothy Herbert wa Australia mwaka 1984: ina mizunguko ya kukazia ncha zote mbili, ya ncha ya mbele imeachana zaidi kuliko ya nyuma, hivyo ikizungushwa inavivuta vipande pamoja na kuzama yote ndani ya mfupa. Kosa la kawaida ni urefu. Skafoidi imepinda na karibu uso wake wote umefunikwa na gegedu. Kipimo cha waya wa mwongozo kikisoma milimita 26, skrubu iwe kama ya 22, maana vipande vinasogea vinapobanwa na ncha isiyozama itakwaruza kiungo kila mkono unapocheza. Baada ya miezi kadhaa bila kuunga, skrubu peke yake mara nyingi haitoshi tena: mfupa uliokufa na nyama ngumu vinakwanguliwa, kisha pengo hujazwa mfupa kutoka nyongani au mwisho wa mkono wa chini. Ukiachwa kabisa, kifundo cha mkono huota ugonjwa wa gegedu kulika kwa mpangilio unaojulikana, miaka baadaye, na wakati huo kinachozungumzwa ni kutoa mifupa au kuigandisha.

Ncha ya kidole tutaipitia haraka. Ikishindwa kunyooka baada ya kugongwa na mpira, wengi hawahitaji kisu: gango la kuinyoosha saa 24 kwa wiki 6 hadi 8. Ikiachiwa ikunje hata mara moja wakati wa kuosha, hesabu inaanza upya. Ikishindwa kukunja baada ya kunasa kwenye nguo ya mchezaji mwenzake, hiyo ni habari tofauti kabisa: kano imeng'oka na inaweza kuwa imerudi hadi kiganjani, na upasuaji wake unatakiwa ndani ya siku 7 hadi 10. Majeraha haya mawili yako kwenye pingili moja, ila la pili halisubiri.

Sasa bega. Zaidi ya mabega 9 kati ya 10 yanayoteguka hutokea kwa mbele, na karibu kila mtu huyatambua. La nyuma hutokea baada ya degedege la kifafa au shoti ya umeme, misuli inayozungusha mkono ndani inapoishinda kwa nguvu ile inayouzungusha nje, na ndilo linalotuponyoka. Kwenye eksirei ya kupigwa kwa mbele kichwa cha mfupa huonekana kama kiko mahali pake. Dalili iko mwilini: mkono umejishikiza tumboni na hauzungushwi nje hata kidogo, si na mgonjwa, si na daktari. Mwenye dalili hiyo baada ya kifafa asiambiwe bega limekauka mpaka ipatikane eksirei ya pili, inayopigwa kupitia kwapani au kwa ubavu wa kombe la bega. Kila bega linahitaji picha mbili za pande tofauti, na nyingine baada ya kurudishwa.

Kabla ya kulivuta, mgonjwa aguswe ngozi iliyo juu ya msuli wa nje wa bega na kuulizwa kama anahisi. Mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiungo huumia hapo. Ukipimwa kabla na baada, na yote yakaandikwa, hakuna atakayebishana nani aliuumiza. Kuvuta kwa pupa bila dawa ya kulegeza misuli kunaweza kupasua mfupa uliokuwa na ufa tu. Kwa mzee, eksirei itangulie.

Kinachofuata kinategemea umri. Kijana wa chini ya miaka 20 anayerudi kwenye michezo ya kugongana ana uwezekano mkubwa wa kuteguka tena, kwa sababu ukingo laini wa kikombe cha bega umeng'oka pale mbele. Ni jeraha ambalo Blundell Bankart wa London alilieleza mwaka 1923. Hurekebishwa kwa kamera kupitia matundu madogo: ukingo unakwanguliwa hadi mfupa utoe damu, kisha nanga ndogo zenye uzi, kwa kawaida tatu au zaidi, zinaurudisha. Upasuaji huo hushindwa pale ambapo mfupa wenyewe wa kikombe umelika, na hapa CT ni ya lazima. Upungufu ukifika asilimia 20 hadi 25 ya upana wa kikombe, kushona nyama laini ni kujidanganya. Huhamishwa ncha ya mfupa wa mbele wa kombe la bega pamoja na kano zake na kukazwa kwa skrubu mbili, njia aliyoieleza Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954. Ni upasuaji mzuri usiosamehe. Kipande kikitokeza nje ya ukingo kinasaga kichwa cha mfupa, kikirudi ndani mno hakizuii kitu, na mishipa ya fahamu iko umbali wa vidole.

Aliyepita miaka 40 hateguki tena kwa urahisi huo, ila ana hatari nyingine: kano zinazokizunguka kichwa cha bega huchanika. Kiungo kimerudi, eksirei ni nzuri, anaambiwa apumzike. Baada ya wiki 1 hadi 2, maumivu yakishatulia, apimwe kama anaweza kuinua mkono mwenyewe. Akishindwa, ultrasaundi au MRI isisubiri. Kano iliyochanika kwa ajali hujivuta nyuma, na msuli wake hugeuka mafuta kadiri miezi inavyopita. Mafuta hayo hayarudi kuwa msuli hata kano ikishonwa vizuri.

Kuhusu kuvunjika kwa sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega, ambako huwapata zaidi wazee wenye mifupa myepesi, makala yenu ilisema pleti ndiyo tiba ya kisasa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata watu 250 wenye mivunjiko iliyohama kwa miaka 2, nusu wakipasuliwa na nusu wakiwekewa kitambaa cha kutundikia mkono, na haukukuta tofauti katika matumizi ya bega. Haukuwahusu walioteguka na kuvunjika kwa pamoja, na kichwa kilichopasuka vipande nacho ni suala jingine; hao tunaendelea kuwapasua. Lakini kwa mzee wa kawaida, swali "kwa nini mnapasua?" ni halali na daktari analo jibu au hana.

Pleti ikiwekwa, mahali pake panahesabiwa kwa milimita. Ukingo wake wa juu uwe kama milimita 5 hadi 8 chini ya kilele cha kinundu cha nje. Ukipanda zaidi, unagonga paa la bega kila mkono ukiinuliwa. Ncha za skrubu ziishie kama milimita 5 kabla ya gegedu. Skrubu za chini zinazoshikilia upande wa ndani zisiachwe, kwa kuwa kichwa kikiporomokea ndani, skrubu za juu hubaki zilipo na kutokeza kwenye kiungo, zikila kikombe. Mgonjwa mwenye maumivu ya kukwaruza yanayoongezeka baada ya pleti apigwe picha siku hiyohiyo. Kichwa kisichorekebishika kwa mzee hubadilishwa kwa kiungo bandia kilichogeuzwa, tufe likikaa palipokuwa na kikombe, wazo la Mfaransa Paul Grammont lililoanza kutumika mwaka 1985. Kinategemea msuli wa nje wa bega, kwa hiyo mshipa wake wa fahamu lazima uwe mzima.

Mtulinga hupona wenyewe kwa walio wengi. Tunaufikiria upasuaji mfupa ukifupika zaidi ya sentimita 2, vipande visipogusana, au ncha inapotishia kutoboa ngozi. Pleti hupunguza idadi ya mifupa isiyounga, na huacha ganzi chini ya kovu ambayo mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema. Onyo letu ni juu ya waya laini. Kwenye kidole ni chombo bora. Kwenye mtulinga na bega umewahi kuhama hadi kifuani, kwenye pafu na karibu na moyo. Kupumua na kuinua mkono kunausukuma kidogokidogo. Aliyewekewa waya begani asiruhusiwe kupotea kliniki.

Kwa upasuaji wa bega ganzi ya shingoni huondoa maumivu vizuri, ila kwa kipimo cha kawaida hupooza pia upande mmoja wa kiwambo cha kupumulia kwa saa kadhaa. Mwenye pafu bovu aseme. Maambukizi ya bega nayo yana tabia yake: bakteria anayeishi kwenye vinyweleo vya kwapani hukua polepole, bila homa wala usaha, na bega huuma na kukakamaa tu miezi baadaye. Maabara wakiotesha sampuli kwa siku 2 au 3 watajibu hakuna kitu. Zihifadhiwe hadi siku 14.

Mazoezi hayaanzi plasta ikitoka. Aliyetundikiwa mkono kwa sababu ya bega akunje na kunyoosha vidole tangu siku ya kwanza, na atoe kiwiko kwenye kitambaa mara kadhaa kwa siku akinyooshe; tunaona mabega yaliyopona yakiwa na viganja vilivyokauka, na hilo halina udhuru. Mfupa wa bega uliotibiwa bila kisu huanza kubembea ndani ya wiki 1 hadi 2: mgonjwa anainama akishika meza kwa mkono mzima, anaacha mkono wenye jeraha uning'inie, na mwili ndio unaouyumbisha. Kano iliyoshonwa ni kinyume. Wiki 4 hadi 6 kwenye kitambaa, mkono unainuliwa na mtu mwingine au na mkono wa pili, mgonjwa hauinui mwenyewe kabla ya wiki 6, na mazoezi ya nguvu husubiri wiki 12. Ratiba ya mmoja akipewa mwingine, wa kwanza hukakamaa na wa pili hukatika uzi. Karatasi ya kuruhusiwa iandike wazi ni ipi, kwa tarehe.

Na vyuma hutolewa lini? Nyaya za kidole, wiki 3 hadi 4 kama tulivyosema. Pleti yenye ndoano inayopita chini ya paa la bega, kwa walioteguka mwisho wa mtulinga, sharti itoke ndani ya miezi michache, kwani ndoano huula mfupa ulio juu yake. Skrubu ya skafoidi hubaki maisha. Pleti ya mtulinga hubaki isipokuwa inasumbua chini ya ngozi, na ikitolewa, matundu ya skrubu huacha mfupa dhaifu kwa wiki kadhaa: hakuna mizigo wala mpira wa kugongana katika kipindi hicho, hata kama hakuna kinachouma.

Wasomaji wenu,
Madaktari wa upasuaji wa mifupa na wataalamu wa fiziotherapia